Dawa ya moyo na kisu cha mpasuaji: hoja tamu si ushahidi

Barabara itokayo Njoro hupanda taratibu kuelekea Mau Narok, ikiyapita mashamba ya ngano, shayiri, viazi na karoti, hata msafiri akajikuta mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ambapo baridi ya alfajiri humfanya mtu mzima ajikunyate kama kifaranga. Mkulima wa huku akipatwa na maradhi yanayohitaji kisu, aghalabu hana budi kuiteremka barabara hiyo hiyo hadi Nakuru, akiwa na blanketi lake, chupa yake ya chai na hofu yake.

Mzee mmoja jirani yangu aliteremka hivyo ili akapasuliwe ngiri. Kwa miaka kadhaa alikuwa akimeza kidonge kimoja cha atenololi kila asubuhi kwa sababu ya shinikizo la damu, au presha kama sote tunavyoiita. Alikuwa ameonywa kwamba anayekwenda kupasuliwa hapaswi kula wala kunywa chochote tangu usiku wa manane. Basi vidonge vyake akaviacha nyumbani, juu ya kabati, siku tatu kabla ya upasuaji, akiamini kwamba anaitii amri ya daktari kwa ukamilifu. Siku ilipowadia, mtaalamu wa nusukaputi alimpima akakuta moyo unakwenda mbio na presha imepanda kupita kiasi. Upasuaji ukaahirishwa. Mzee akarejeshewa dawa zake, akaitwa tena baada ya majuma kadhaa, na safari hiyo akapasuliwa salama.

Aliporudi nilikwenda kumjulia hali. Akaniuliza, "Mwalimu, niliambiwa nisile wala nisinywe chochote. Je, kidonge si chochote?"

Sikuwa na jibu. Na kabla sijalipata, likazuka jambo la pili. Rafiki yake, mzee wa rika lake ambaye naye alikuwa akingoja kupasuliwa, aliisikia habari hiyo akaielewa kwa namna yake. Ikiwa kukosa vidonge hivyo kuliuhangaisha moyo wa mwenzake, alisema, basi yeye ambaye hajawahi kuvimeza angevihitaji zaidi. Akaomba apewe vitatu, avimeze asubuhi ya upasuaji ili "auwekee moyo mlinzi". Kwa bahati nzuri mkewe alimkataza.

Mpenzi msomaji, usiwacheke wazee hawa. Kosa la kwanza hufanywa na wagonjwa kila mahali duniani. Ama kosa la pili, ambalo mama yule alilizuia jikoni kwake, ndilo lililofanywa kwa miaka mingi katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, na madaktari waliosoma wakasomeka. Kisa hicho kina mafunzo makubwa kwa mwalimu na mwanafunzi, na ndicho ninachotaka kukieleza leo.

Dawa yenyewe

Mtu anapoingiwa na hofu, au anapopata maumivu, au anapopoteza damu, mwili wake humwaga adrenalini. Adrenalini huushika moyo mahali paitwapo vipokezi, mfano wa ufunguo unavyoingia katika kitasa, na moyo ukaanza kupiga kwa kasi na kwa nguvu. Mwaka 1948 mtaalamu wa Marekani, Raymond Ahlquist, alieleza kwamba vitasa hivyo ni vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Maelezo yake hayakutiliwa maanani sana wakati huo.

Aliyeyatilia maanani ni Mskoti, James Black. Madaktari wa zama zake waliotibu maumivu ya kifua walijitahidi kuongeza damu na oksijeni inayofika kwenye moyo. Black akaligeuza swali: badala ya kuuongezea moyo chakula, kwa nini tusiupunguzie kazi ili chakula kidogo ulichonacho kiutoshe? Akiwa katika kampuni ya ICI nchini Uingereza, alitafuta kitu kitakachoingia katika kitasa cha beta na kukaa humo bila kufungua mlango, ili adrenalini ikija ikute nafasi imekaliwa. Katika miaka ya 1960 akapata propranololi. Mwaka 1988 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings.

Propranololi ndiyo iliyotangulia. Ndugu zake ni atenololi, bisoprololi na metoprololi. Kwa pamoja tuziite vizuia-beta. Ni dawa zilizowasaidia watu wasiohesabika: wenye maumivu ya kifua, wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, waliopatwa na mshtuko wa moyo, na wengi ambao moyo wao umedhoofika. Tusije tukasahau hilo katika yatakayofuata.

Hoja iliyopendeza

Upasuaji ni vita kwa moyo. Kuna jeraha, kuna maumivu, kuna damu inayopotea, na adrenalini humwagika kwa siku kadhaa. Mtu ambaye mishipa ya moyo wake imeziba kidogo anaweza kupata mshtuko wa moyo akiwa kitandani, hata kama kidonda chenyewe kinapona vyema. Je, si busara basi kumpa kizuia-beta kabla ya kisu, ili moyo wake utulie dhoruba ipite?

Hoja hiyo ilikuwa tamu mno. Ilikubaliana na yote yaliyojulikana juu ya moyo, nayo haikuchelewa kupata watetezi. Mwaka 1996 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani uliowahusu wagonjwa 200 waliopewa atenololi au kidonge kisicho na dawa. Ulionyesha kwamba katika miaka miwili iliyofuata, waliopewa dawa walikufa wachache zaidi. Lakini msomaji makini angetambua kwamba hesabu hiyo ya vifo ilianza pale mgonjwa alipotoka hospitalini. Waliokufa wakiwa wodini hawakuingizwa humo. Ni sawa na mwalimu anayesifu matokeo ya darasa lake baada ya kuwaondoa katika orodha waliofukuzwa muhula wa kwanza.

Mwaka 1999 ukafuata uchunguzi wa Uholanzi. Wagonjwa walikuwa 112 tu, wote wenye hatari kubwa, waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa mishipa mikubwa ya damu. Miongoni mwa wale 53 ambao hawakupewa bisoprololi, 18 walikufa kwa maradhi ya moyo au walipata mshtuko wa moyo. Miongoni mwa 59 waliopewa, waliopatwa na hayo walikuwa 2 pekee. Tofauti kama hiyo ni nadra sana katika utabibu. Badala ya kuwashtua wataalamu, iliwafurahisha. Kizuia-beta kabla ya upasuaji kikaanza kuhesabiwa kuwa alama ya matibabu bora, na miongozo ya kitaalamu ikakipendekeza.

Mizani ya mwaka 2008

Walikuwapo waliouliza swali ambalo mwanafunzi mwema hapaswi kuogopa kuuliza: tumejuaje? Kundi moja lililoongozwa na P. J. Devereaux wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, liliamua kupima kwa mizani kubwa. Wagonjwa 8,351 katika hospitali 190 za nchi 23 waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao walipewa metoprololi, wakianza saa chache tu kabla ya kupasuliwa na kuendelea kwa siku 30. Nusu nyingine walipewa kidonge kisicho na dawa. Si mgonjwa wala daktari wake aliyejua nani kapewa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Yatazame kwa makini. Waliopata mshtuko wa moyo walikuwa 176 katika kundi la dawa na 239 katika kundi lisilo na dawa. Kumbe hoja ilikuwa kweli: dawa iliulinda moyo. Lakini waliokufa walikuwa 129 katika kundi la dawa na 97 katika kundi jingine. Waliopigwa na kiharusi walikuwa 41 kwa 19. Kwa maneno mengine, katika kila wagonjwa 1,000 waliopewa dawa hiyo kwa utaratibu huo, 15 hivi waliepushwa na mshtuko wa moyo, ilhali 8 zaidi walikufa na 5 zaidi walipata kiharusi. Moyo ulilindwa, na mwenye moyo akazikwa.

Iliwezekanaje? Adrenalini haipo mwilini kwa kuudhi. Mgonjwa akipoteza damu, au usaha ukisambaa mwilini mwake, moyo hukimbia makusudi ili damu iliyobaki ifike kwenye ubongo na viungo vingine. Ukiufunga moyo huo kamba saa hiyo hiyo unapohitajiwa kukimbia, shinikizo la damu hushuka na ubongo hukosa damu. Katika uchunguzi huo, waliopewa dawa walishukwa na presha kwa wingi kuliko wenzao. Mlinzi aliyewekwa mlangoni alimzuia mwizi, lakini akamzuia na mwenye nyumba asitoke moto ulipowaka.

Aibu ya Rotterdam

Pamoja na hayo, mabishano hayakwisha. Watetezi wa dawa walisema kwamba kosa lilikuwa kutoa dozi kubwa kwa haraka, na kwamba uchunguzi wa Uholanzi ulioanza dawa mapema ulikuwa na matokeo mema. Mwaka 2009 mwongozo wa Ulaya uliendelea kuipendekeza kwa makundi kadhaa ya wagonjwa. Mwenyekiti wa kamati iliyouandika alikuwa Profesa Don Poldermans wa Rotterdam, yule yule aliyeongoza uchunguzi wa Uholanzi. Kesi ya ngedere kumpelekea nyani ni ya zamani, nasi hatukutarajia kuikuta katika mambo ya moyo.

Novemba 2011, hospitali ya chuo kikuu cha Erasmus ilimfuta kazi profesa huyo kwa kukiuka maadili ya utafiti. Miongoni mwa yaliyotajwa ni kutumia maelezo ya wagonjwa bila idhini yao ya maandishi na kuwasilisha takwimu zisizoaminika. Mwenyewe alikiri kwamba palikuwa na uzembe lakini akakana kwamba alidanganya kwa makusudi. Hata hivyo, shaka ilikwisha kuuingia mfululizo mzima wa chunguzi zilizotoka katika ofisi hiyo.

Mwaka 2013 wataalamu wa London walizikusanya chunguzi zote za kuaminika, wakaziweka kando zile za Rotterdam, wakahesabu upya. Walibakiwa na chunguzi 9 zenye wagonjwa zaidi ya 10,500. Jibu lao lilikuwa kwamba kumwanzishia mgonjwa kizuia-beta karibu na upasuaji kuliongeza vifo kwa takriban asilimia 27. Mwaka uliofuata miongozo ya Ulaya na ya Marekani ilirekebishwa. Wagonjwa wangapi walidhurika kabla ya hapo ni jambo ambalo lingali na ubishi, na sitathubutu kutaja idadi.

Miongozo ya sasa inasemaje? Kwa ufupi, inasema mambo mawili ambayo yangewafaa wazee wangu wote wawili. Kwanza, mtu ambaye tayari anatumia kizuia-beta kwa utulivu aendelee nacho, maana kukiacha ghafla huufanya moyo uliozoea kufungwa kamba ukurupuke. Bila shaka daktari anaweza kubadili dozi hali ya mgonjwa ikibadilika. Pili, asiyekitumia asianzishwe siku ya upasuaji. Ikiwa kuna sababu nyingine ya kweli ya kukihitaji, kianzwe mapema, ikiwezekana zaidi ya juma moja kabla, ili daktari aone mwili unakipokeaje.

Yanatuhusu nini Mau Narok?

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mabishano ya wazungu wenye dawa nyingi, ilhali sisi tunatafuta hata gari la kutufikisha Nakuru. Sikubaliani naye.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Maana yake ni kwamba wengi wanaopanda kitanda cha upasuaji wanaijua presha yao kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo. Daktari anayeikuta juu hushawishika kuishusha haraka. Lakini siku hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuanza kizuia-beta kwa ajili hiyo. Dawa ya tatizo hili iko katika kituo cha afya cha kijijini: mkanda wa kupimia presha, muuguzi mwenye nafasi ya kuutumia, na kadi ambayo mgonjwa ataishika mkononi atakapoteremka Nakuru.

Kuna la pili. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa upasuaji barani Afrika, uliohusisha hospitali 247 katika nchi 25 na wagonjwa zaidi ya 11,000. Wagonjwa hao walikuwa vijana na wenye afya kuliko wale wa nchi tajiri, lakini uwezekano wao wa kufa baada ya upasuaji ulikuwa maradufu ya wastani wa dunia. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi waliofariki walifariki baada ya siku ya upasuaji. Si kisu kilichowaua. Waliuawa na usiku wa wodini, ambapo damu ilivuja au homa ilipanda pasipo mtu wa kutambua mapema.

Sasa, muuguzi mmoja mwenye wodi nzima ana silaha gani? Anashika kifundo cha mkono, anatazama saa, anahesabu mapigo. Mapigo yakikimbia, hujua kuna hatari. Mgonjwa aliyemeza kizuia-beta mapigo yake hayakimbii ipasavyo hata anapovuja damu. Kengele imefungwa kitambaa. Kwa maoni yangu, hii ni sababu ya sisi kuihofu zaidi tabia ya kuwaanzishia watu dawa hii ovyo kuliko wanavyoihofu wenye mitambo inayolia kando ya kila kitanda. Na mgonjwa anayeitumia kwa haki hana budi kumjulisha muuguzi wake, ili kengele hiyo isitegemewe peke yake.

La tatu ni lugha. Maneno "usile wala usinywe chochote" ni sahihi kwa aliyeyasema na ni mtego kwa aliyeyasikia. Yangetosha maneno machache zaidi: "Leta dawa zako zote. Tutakuambia ni ipi uimeze kwa maji kidogo asubuhi hiyo na ni ipi uiache." Zipo dawa nyingine ambazo kweli hupaswa kuachwa, na ndiyo sababu mgonjwa asijiamulie mwenyewe. Tunaofundisha Kiswahili tungewafaa wauguzi wetu kama tungewasaidia kuyaandika maagizo haya kwa lugha ambayo mkulima wa viazi haitafasiri kinyume.

Kazi ya darasani

Walimu wenzangu, kisa hiki kingefaa somo la baiolojia, la hisabati na la maadili kwa wakati mmoja. Mwape wanafunzi zile takwimu za mwaka 2008 mkiwaficha vifo, kisha muwaulize kama wangeitoa dawa. Wote watainua mikono. Kisha mwaonyeshe safu ya vifo, na mwangoje kimya kitakachofuata. Hapo watajifunza kwamba anayechagua cha kuhesabu ndiye anayechagua jibu, na kwamba kuupima moyo pekee si kumpima mtu.

Tumezoea kumpa alama mwanafunzi anayeeleza kwa ufasaha kwa nini jambo linapaswa kuwa hivi au vile. Nasi tufanye hivyo, kwani Black asingeipata dawa yake bila fikira safi. Lakini tumpe alama zaidi anayeuliza, "Je, limejaribiwa? Kwa watu wangapi? Ni nani aliyehesabu, na ni nini alichokiacha?" Wale waliopoteza maisha kwa dawa iliyokusudiwa kuwaokoa hawakuuawa na ujinga wala na roho mbaya. Wengi wao walihudumiwa na madaktari wema walioridhika na hoja nzuri kabla ya kuipima.

Nilimrudia jirani yangu na jibu lake. Nikamwambia, "Mzee, kidonge ni kitu, tena kikubwa; siku nyingine kibebe ukaulize." Akatikisa kichwa, akasema kwamba angalimwuliza daktari mapema, ila aliona haya kumchosha mtu mwenye shughuli. Rafiki yake naye alipasuliwa bila kidonge cha kuazima, akarudi salama, na msimu huo huo alikuwa shambani akivuna viazi. Mkewe hakuwa amesoma uchunguzi wowote. Alisema tu kwamba dawa ya mtu mwingine haimezwi kwa kukisia.